Vishungi vinne vya Kocc Barma, na koti la baba

Binti alitafsiri kauli ya kwanza, akatafsiri ya pili, ya tatu ikamgomea. Siyo kwamba hakuielewa. Aliweka glasi chini, akamtazama baba yake, akamwambia kwa Kiwolofu maneno marefu yaliyomchekesha mzee mpaka cherehani ikasimama. Kisha akanigeukia: "Hiyo, kaka, hutaisikia kutoka kwangu. Kamuulize mwingine."

Hapo ni Médina, jijini Dakar, kwenye kibanda cha fundi nguo kilichokuwa chini ya chumba nilichopanga kwa mwezi mmoja. Kazi iliyonipeleka huko ilikuwa ya mahesabu na haina la kusimulia. Jioni sikuwa na pa kwenda. Kifaransa changu kinaishia kwenye kununua mkate, kwa hiyo nikawa nashuka kukaa kwenye benchi la fundi na kunywa chai yao, wanayoiita ataaya. Majani ya chai ya kijani yanachemshwa kwenye kibirika juu ya jiko la mkaa, sukari inamwagwa bila huruma, nanaa inafuata, halafu chai inamiminwa kutoka juu, glasi kwa glasi, hata ifanye povu. Ni raundi tatu. Ya kwanza chungu, ya pili afadhali, ya tatu tamu ya kuwapa watoto. Raundi zote zinaweza kula saa mbili. Mwenye haraka hakai pale.

Siku hiyo alipita kijana mwenye kiduku, amenyoa pande zote na kuacha mstari katikati kama jogoo. Fundi akamnyooshea mkasi na kutaja jina: Kocc Barma. Linatamkwa "Koch". Binti yake, anayesoma Kiingereza chuoni na aliyekuwa mdomo wetu sisi wawili, akacheka. "Baba ameanza. Tutalala hapa."

Kocc Barma Fall ni mtu wa Kajoor, ufalme wa Wawolofu uliokuwa kwenye pwani kati ya mahali palipo Dakar leo na mji wa Saint-Louis. Kajoor ilijitoa chini ya dola ya Jolof mwaka 1549, na mtawala wake aliitwa Damel. Miaka inayotajwa ya Kocc ni 1586 hadi 1655. Kwa wanaopenda kulinganisha, Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, alizaliwa miaka kumi baada yake na kufa miaka mitano kabla yake. Senegali nzima inamjua. Wawolofu hawafiki nusu ya Wasenegali, ila lugha yao imekuwa ya soko, ya daladala na ya redio kama hiki Kiswahili chetu, na Kocc amesafiri ndani yake. Mserere atakunukulia, Mpulaari atakunukulia, na hakuna atakayesema ni wa Wawolofu peke yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Kocc alinyoa kichwa akaacha vishungi vinne. (Wengine wanasema kilikuwa kichwa cha mtoto wake. Fundi wangu alishikilia kuwa ni chake mwenyewe.) Sisi tunajua denge, ambalo ni kishungi kimoja utosini. Huyu aliacha vinne, mtu mzima na heshima zake, akatembea navyo mjini. Akasema kila kishungi kimebeba neno moja la kweli, na maneno hayo anayajua yeye na mkewe tu. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Damel wakati huo alikuwa Daaw Demba, ambaye mapokeo yanamkumbuka kwa ukatili. Mfalme hapendi kuwapo kwa jambo asilolijua katika nchi yake, tena lililopandwa juu ya kichwa cha raia. Akamwita mke wa Kocc. Wapo wanaosema alimpa vito, wapo wanaosema alimbana. Mke akasema yote manne.

La kwanza: *Buur du mbokk.* Mfalme si ndugu.

La pili: *Doomu jiitle du doom.* Mtoto wa kufikia si mtoto. Ni vita ndani ya nyumba.

La tatu ndilo hilo alilokataa binti. Niliambiwa siku iliyofuata na jirani muuza simu: *Jigéen, soppal te bul wóolu.* Mwanamke mpende, usimwamini.

La nne: *Mag mat na bàyyi cim réew.* Mzee anafaa kuwekwa katika nchi. Sisi tungesema penye wazee haliharibiki neno.

Daaw Demba aliposikia la kwanza, mengine hakuyajali. Akaamuru Kocc akamatwe, afungwe, auawe. Wakiwa njiani kumpeleka, akajitokeza mtoto wake wa kufikia, yule aliyemlea, akawasimamisha askari. Watu wakadhani amekuja kumtetea. Yeye akasema: kabla hamjamuua mvueni ile nguo, itakuwa yangu, isije ikaingia damu. Kocc akavuliwa. Wakaendelea. Ndipo wazee wa mji wakaenda kwa Damel, wakasema naye kama wazee wanavyojua kusema, na mfalme akageuza amri. Kocc akasimama mbele yake akiwa nusu uchi, akamwambia: vishungi vyangu umeviona vyote vinne. Wewe nimekutumikia, umetaka kuniua. Mke wangu ametoa siri. Niliyemlea amedai nguo yangu ningali hai. Na niliyesimama hapa nimeokolewa na wazee.

Fundi aliposema neno la nguo alikuwa ameshika mbubb, lile kanzu pana la Kisenegali, analitarizi shingoni. Alilivuta kidogo kuonyesha, kama anamvua mtu. Watu watatu benchini wakacheka. Mimi sikucheka, na sababu nitaieleza mbele.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta Kocc Barma kwenye vitabu, nikakuta amekaa katikati ya ugomvi wa wasomi bila mwenyewe kuwa na habari.

Ugomvi ulianzia jirani zetu, Katanga, nchi ya Waswahili wa Kongo. Mmisionari wa Kibelgiji, Placide Tempels, aliyeishi miongoni mwa Waluba, alitoa mwaka 1945 kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Wakati wake lilikuwa jambo la kishujaa kumwambia mkoloni kwamba watu hawa wanafikiri. Ila ukisoma unaona kasoro: wanafikiri wote kwa pamoja, kama kundi la ng'ombe wanaokwenda kisimani. Humkuti Mluba mmoja mwenye jina aliyesema "mimi naona hivi" na jirani yake akamjibu "umekosea". Alexis Kagame wa Rwanda akaendeleza mwaka 1956 kwa umakini mkubwa zaidi, akiichimba sarufi ya Kinyarwanda yenyewe kutafuta namna wenye lugha hiyo wanavyoyapanga mambo yaliyopo. Bado swali likabaki: nani hasa kasema?

Mwaka 1976 Paulin Hountondji wa Benin akalivunja banda. Falsafa, akasema, si imani ya kijiji. Ni kazi ya mtu anayejulikana, anayetoa hoja, anayejibiwa, na hoja zikaandikwa ili kesho zipingwe. Methali elfu moja hazifanyi falsafa, kama matofali elfu moja yaliyorundikwa yasivyofanya nyumba. (Mfano wa matofali ni wangu, yeye asingeutumia.)

Nilipomsoma Hountondji nilikubaliana naye kwa aibu kidogo, maana sisi ndio mabingwa wa "wahenga walisema". Nani hao? Walizaliwa wapi? Walikosana na nani? Mhenga wa Kiswahili hana jina wala kaburi, hana mke wa kutoa siri zake. Ndiyo maana hagombwi. Ukimpinga mhenga ni kama kuupiga ngumi moshi. Tena anajipinga mwenyewe bila kuona haya: leo haraka haraka haina baraka, kesho ngoja ngoja yaumiza matumbo.

Wawolofu nao wana mhenga wao. Husema *Wolof Njaay nee na*, Wolof Njaay kasema, na hapo wanamtaja Mwolofu yeyote, yaani wote. Lakini pembeni yake wana msemo wa pili: *Kocc Barma nee na*. Kocc kasema. Huyu ana ukoo, ana mji, ana mfalme aliyekosana naye. Kwa hiyo unaweza kumwambia: Kocc, hapa umeteleza.

Mkenya Henry Odera Oruka, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliona hili mapema. Tangu miaka ya 1970 yeye na wanafunzi wake walikwenda vijijini na kinasa sauti, wakakaa na wazee waliosifika kwa busara, wakawauliza juu ya Mungu, kifo, usawa, haki. Hawakukusanya methali tu. Walimbana mzee: kwa nini unasema hivyo? Na asiyekubali, utamjibu nini? Akawagawa makundi mawili. Wapo wenye hekima wanaojua vyema yanayosemwa na jamii yao na kuyarudia vizuri. Na wapo wanaoyapima, wakayakubali kwa sababu au kuyakataa kwa sababu. Hao wa pili akawaita wanafalsafa, wawe wanajua kusoma au hawajui. Akachapisha maneno yao kwa majina yao, mmoja wao akiwa baba yake mzazi, Oruka Rang'inya. Napenda sana kwamba alimtia baba yake. Wengine wangeona si kisomi.

Sasa Kocc tumweke kundi gani? Hatuwezi kumpelekea kinasa sauti. Tulicho nacho ni midomo ya magriot, wale wasimulizi na waimbaji wa historia, na ya mafundi nguo, na maandishi machache ya baadaye, kama ya padri Msenegali David Boilat aliyemwandika kama "Cothi" mwaka 1853, karibu miaka mia mbili baada ya kifo. Tena kuna tatizo la umaarufu. Kila neno kali lisilo na mwenyewe hujisogeza kwa Kocc, kama kila kisa cha ujanja kwetu kinavyohamia kwa Abunuwasi. Sidhani kuna mtu anayeweza kuchambua yapi ni yake hasa.

Lakini tazameni alichofanya. Maneno yenyewe si ajabu. Mzee yeyote wa baraza angeweza kukupa manne kama hayo kabla kahawa haijapoa. Kocc hakuyasema. Aliyanyamazia, akayaning'iniza kichwani, akasubiri. Ameyageuza kuwa madai yanayoweza kushindwa: mke angenyamaza, neno moja lingeanguka. Kijana angemlilia, la pili lingeanguka. Wazee wangejifungia ndani, la nne lingekwenda naye kaburini. Na dhamana aliyoweka ni shingo yake. Mwanafalsafa wa Senegali Mamoussé Diagne aliandika kitabu mwaka 2005 juu ya namna fikra za wasioandika zinavyofanya kazi, na jambo moja analosisitiza ni kwamba penye kukosa maandishi wazo huchezwa kama tamthilia ili likumbukwe. Mimi naongeza: likichezwa, linaweza pia kupimwa. Wasikilizaji ni mashahidi, na shahidi ana haki ya kuuliza maswali.

Binti wa fundi aliuliza. Jioni ya pili, baba yake amekwenda msikitini, ndipo akanieleza alichomwambia jana yake kilichomchekesha. "Nilimwambia, Kocc ameshindwa hesabu. La kwanza si amesema mfalme si ndugu? Kama mwanamume mzima mwenye akili zake anamwogopa Damel, mke wake aliyeitwa peke yake ikulu angefanya nini? Hakutoa siri kwa sababu ni mwanamke. Ametoa kwa sababu ya kishungi cha kwanza. Kile cha tatu ni cha kunyoa."

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Ni hoja safi kabisa. Amechukua kauli mbili za mtu mmoja na kuonyesha kwamba moja inaimeza nyingine. Na zaidi ya hapo: mtego aliuweka mume. Alimpa mke mzigo ambao hakuuomba, akautangazia mji kwamba anao. Nilimkumbuka Fumo Liyongo wetu, ambaye siri ya kifo chake, sindano ya shaba kitovuni, ilitolewa na mwanawe wa kumzaa baada ya mfalme wa Pate kumwekea ahadi. Hatukutunga methali kwamba mtoto wa kiume asiaminiwe.

La mfalme silipingi. *Mbokk*, ndugu, binti aliniambia, inatokana na *bokk*, kushiriki kitu kimoja. Ndugu ni mshirika. Mfalme hashiriki. Sisi tuliolelewa na ahadi ya TANU, binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, tulizoea kumwita kiongozi Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, na watu waliamini kweli. Nimewahi kusimama dirishani nikiwa na karatasi mkononi, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, mbele ya mtu aliyeitwa Ndugu kwenye kibao cha mlango. Kocc angenikonyeza. Na yeye alisema haya zama ambazo biashara ya utumwa ya Atlantiki ilikwishatia nanga pwani ya kwao. Kisiwa cha Gorée unakiona ukiwa ufukweni Dakar. Kusema mfalme si ndugu, wakati wafalme wa pwani walikuwa wanauza watu, si msemo wa kuchorea kanga.

Kimebaki kishungi cha pili.

Mimi ni mtoto wa kufikia. Mama aliolewa Tanga nikiwa na miaka minne, na yule bwana nilimwita baba tangu wiki ya kwanza, kwa sababu aliniambia nimwite hivyo. Alikuwa na koti moja la kijivu, la sufu nzito isiyofaa kabisa kwa joto la Tanga, ambalo alilivaa juu ya kanzu Ijumaa na kwenye harusi. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa akaugua. Akalazwa wiki tatu. Daktari alimwita mama pembeni, na mama aliporudi tulijua kwa jinsi alivyokaa.

Mimi nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa kazi. Wiki ya pili nilifungua kabati, nikalichukua koti, nikalipeleka kwa fundi likapunguzwe mabega na kiuno. Nilimwambia fundi ni la kwangu. Nakumbuka chaki yake ikipita mgongoni, mistari miwili iliyopinda, nami nimesimama wima nikijitazama kwenye kioo chake kilichopasuka kona.

Baba akapona. Alirudi nyumbani kwa teksi, amekonda, na Ijumaa ya kwanza akataka kwenda msikitini. Alilivaa. Hata kwa kukonda kule halikufunga. Alivuta upande mmoja, akavuta wa pili, akageuza ndani akaona mshono mpya. Kisha akanitazama kupitia mlango ulio wazi. Hakusema neno. Alikwenda msikitini koti likiwa wazi, na alilivaa hivyo hivyo, wazi, miaka kumi na moja iliyobaki ya maisha yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wale wahenga wasio na jina. Siku ile niliwasikia.

Kwa hiyo fundi wa Médina alipolivuta lile mbubb, benchi zima likacheka, nilihisi nimeshikwa. Karne nne na bahari mbili, na bado Kocc ananijua.

Ila kuna jambo ambalo Kocc hakulipima. Wiki ile ile baba akiwa amelazwa, mdogo wangu, mtoto wake wa damu, aliuza baiskeli ya baba. Phoenix, nyeusi, taa ya dinamo. Baba aliulizia baiskeli mara moja tu, akaambiwa imeibwa, akasema haya. Je, tuongeze kishungi cha tano? Katika kisa cha vishungi nilichopewa mimi, hakuna anayetuambia mtoto wa damu wa Kocc alikuwa wapi asubuhi ile baba yake akipelekwa kuuawa. Labda alikuwa anauza farasi.

Nilimweleza fundi kisa cha koti usiku wangu wa mwisho, raundi ya pili ya chai. Binti alitafsiri bila kuruka kitu. Mzee alisikiliza akiwa ameinamia kazi yake. Nilipomaliza nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua: baada ya yote yale, baada ya Damel na wazee na vishungi, yule kijana aliyedai nguo ilikuwaje? Kocc alimfanya nini?

Akanyanyua kichwa kama mtu asiyewahi kuulizwa. Akakata uzi kwa meno, akalitandaza mbubb magotini, akalipangusa vumbi la chaki.

"Anasema walirudi nyumbani," binti akatafsiri. "Anasema, kwani kijana angekwenda wapi?"

Kisha mzee akasema neno jingine, fupi, na binti akanyoosha mkono kuchukua glasi yangu ili aimimine ya tatu.